Chancy Chitete: Mmalawi aliyekufa akimwokoa askari wetu

Novemba 14, 2018, katika eneo la Kididiwe, karibu na mji wa Beni mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo (DRC), koplo mmoja wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) alikuwa chini, amejeruhiwa vibaya, hawezi kunyanyuka. Waasi wa ADF walikuwa wakimimina risasi, na walinda amani wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamelazimika kurudi nyuma. Askari aliyeachwa mahali kama pale, mara nyingi habari zake huishia hapo.

Aliyemfuata koplo huyo hakuwa Mtanzania. Alikuwa askari wa Malawi, Praiveti Chancy Chitete. Alimburuta hadi mahali penye usalama kidogo, akawa anampa huduma ya kwanza, na katika kufanya hivyo risasi ikampata yeye. Koplo wetu alipona. Chitete alifariki dunia.

Makala haya yanamkumbuka askari huyo, na yana jambo moja la kusema: Chancy Chitete ni marehemu wetu sisi pia. Kazi ya kumkumbuka tusiwaachie Wamalawi peke yao.

Praiveti na koplo

Praiveti ndicho cheo cha chini kabisa jeshini. Ndiye anayesimama zamu ya usiku wa manane, anayechimba handaki na anayetangulia kwenye doria. Magazeti hayamwandiki na wageni wa heshima hawamuulizi maoni yake. Akifa vitani, mara nyingi hufa ndani ya idadi. Tunasoma kwamba wameuawa saba, au 14, tunasikitika, kisha tunafungua ukurasa unaofuata.

Koplo yuko juu ya praiveti. Lakini koplo yule hakuwa afande wake Chitete. Hakuwa wa platuni yake wala wa jeshi lake. Begani alivaa bendera nyingine. Kilichowaunganisha ni kofia ya buluu ya Umoja wa Mataifa na uwanja wa mapambano walioingia pamoja.

Ni vizuri tukalitazama tendo lenyewe kwa karibu, maana tukikimbilia kusema "shujaa" tunaweza kupita bila kuona alichokifanya. Mtu mzima mwenye fulana ya kuzuia risasi, kofia ya chuma, magazini za risasi na chupa ya maji ni mzigo mzito hata kwa watu wawili. Akiwa amejeruhiwa hawezi kukusaidia hata kwa kusukuma mguu. Kumburuta kunataka mikono miwili, na mwenye mikono miwili kwenye mwili wa mwenzake hana mkono wa kushika bunduki. Mwendo wake ni wa polepole, mgongo ameinamisha, macho yako chini. Kwa dakika hizo anakuwa shabaha rahisi kuliko wote walio uwanjani.

Kisha akifika penye afadhali, kazi inaanza upya. Anatafuta jeraha liko wapi, anakandamiza damu isitoke, anafunga bandeji, anamsemesha majeruhi asipoteze fahamu. Kila askari hufundishwa hayo tangu chuo cha mafunzo. Hakuna mwalimu anayeweza kumfundisha mtu kuyafanya huku risasi zikipita, kwa ajili ya mtu ambaye si wa kwao. Hilo Chitete alilitoa moyoni mwake.

Kesho yake Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba walinda amani saba walikuwa wameuawa, sita wa Malawi na mmoja wa Tanzania. Wanajeshi wa Congo nao walipoteza wenzao katika operesheni hiyo. Kwa Malawi, nchi ndogo yenye jeshi dogo, lilikuwa pigo zito.

Walifuata nini Kididiwe

Wapo watakaouliza kijana wa Malawi na kijana wa Tanzania walikwenda kutafuta nini katika misitu ya Congo. Ni swali la haki, na lina jibu.

Machi 28, 2013, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 2098. Azimio hilo liliunda, ndani ya MONUSCO, ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa nchini Congo, brigedi maalumu ya kujibu mashambulizi, yenye askari zaidi ya 3,000. Ilipewa ruhusa ambayo vikosi vya kulinda amani havikuwa vimezoea kupewa, yaani kuyafuata makundi yenye silaha na kuyapokonya nguvu badala ya kusubiri yashambulie raia. Nchi tatu zilijitolea kutoa askari: Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa.

Kazi haikuchelewa kudai damu. Agosti 28 mwaka huohuo, Meja Khatib Mshindo wa JWTZ aliuawa karibu na Goma, katika mapambano na kundi la M23. Miezi michache baadaye, Novemba 2013, M23 waliweka silaha chini, na wakazi wa Goma walipata nafasi ya kupumua.

Ikabaki ADF. Kundi hili lilianzia Uganda katika miaka ya 1990, likajichimbia kwenye misitu ya upande wa Congo chini ya milima ya Rwenzori. Kuanzia Oktoba 2014, wilaya ya Beni iligeuka machinjio. Wauaji walikuja usiku na mapanga na mashoka, wakaingia nyumba hadi nyumba, wakawaua wanawake na watoto. Raia wa Beni ni watu wanaozungumza Kiswahili. Mama wa pale anapopiga kelele za kuomba msaada, anapiga kelele kwa lugha unayoisoma katika ukurasa huu.

Mwaka 2018 balaa likaongezeka. Agosti 1, serikali ya Congo ilitangaza mlipuko wa Ebola katika Kivu Kaskazini, na Beni ikawa miongoni mwa vitovu vyake. Ebola huzuiwa kwa wahudumu kutembea. Mhudumu wa afya lazima afike kijijini, amfuate kila aliyemgusa mgonjwa, amchanje, amrudie siku baada ya siku. Kijiji ambacho waasi wamezuia njia yake hakifikiki, na mgonjwa mmoja aliyekosa kufuatiliwa anaweza kuambukiza ukoo mzima. Mlipuko ule ulipomalizika rasmi Juni 25, 2020, ulikuwa umewapata watu 3,470 na kuua 2,287. Ni wa pili kwa ukubwa katika historia ya ugonjwa huo.

Operesheni ya Kididiwe ilikuwa ya kuwafurusha ADF kwenye ngome yao, wasiendelee kuushambulia mji wa Beni na kuwazuia wahudumu wa Ebola. Hicho ndicho walichokifuata vijana wetu na wenzao wa Malawi. Walikwenda ili mama wa Beni alale na ili gari la chanjo lipite.

Kovu la Semuliki

Ili mtu aelewe uzito wa tendo la Chitete kwa Watanzania, arudi nyuma miezi 11 tu.

Desemba 7, 2017, siku ya Alhamisi, waasi wanaodhaniwa kuwa ADF waliishambulia kambi ya walinda amani ya Semuliki, kwenye barabara ya Mbau kwenda Kamango, humohumo Beni. Kambi ilikuwa ya Watanzania. Mapigano yaliendelea kwa saa nyingi usiku. Kulipokucha, JWTZ ilikuwa imepoteza askari 14, mwingine hajulikani alipo, na makumi walikuwa majeruhi. Askari watano wa Congo nao waliuawa. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alisema lilikuwa shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni ya umoja huo.

Wasomaji wengi wanazikumbuka siku zile. Majeneza yalifika Dar es Salaam yakiwa yamefunikwa bendera ya Taifa. Yalipangwa kwa mstari Makao Makuu ya Jeshi, Upanga, na kila familia ikaelekezwa jeneza lake. Kisha wakasafirishwa kwao, Bara na Visiwani, wakazikwa kwa heshima za kijeshi na kwa taratibu za dini zao.

Haikuwa mara ya kwanza. Julai 13, 2013, Watanzania saba waliuawa Darfur, Sudan, wakiwa chini ya kofia hiyohiyo ya buluu, na 17 walijeruhiwa. Familia za askari katika nchi hii zinajua habari ya kifo inavyoingia nyumbani. Gari la jeshi linasimama nje kwa wakati usio wa kawaida, wanashuka maofisa wawili watatu na kiongozi wa dini, na kabla hawajakaribishwa kuketi, mama ameshaelewa.

Sasa fikiria Novemba 2018. Mwaka haujatimia tangu Semuliki. Ipo nyumba moja hapa Tanzania ambayo gari lile lingeweza kusimama mlangoni pake tena. Halikusimama, kwa sababu ya Mmalawi ambaye watu wa nyumba ile hawakuwa wamewahi kumwona. Gari lilisimama Malawi, kwenye nyumba yake mwenyewe.

Majirani wa tangu zamani

Tanzania na Malawi hazikukutana Beni kwa mara ya kwanza. Askari wa pande hizi mbili wana historia ndefu, na mwanzo wake haukuwa mzuri.

Septemba 1914, wiki chache baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza, askari Waafrika wa Jeshi la Wajerumani walitoka upande wetu wakavuka kwenda Karonga, kaskazini mwa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Huko walikutana na askari Waafrika wa Waingereza. Waliuana kwa ajili ya ugomvi wa Berlin na London. Pale katikati ya Dar es Salaam, kwenye Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927, kuna maandishi ya kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa vita ile. Hayataji jina la hata mmoja wao.

Miaka 30 baadaye walikuwa upande mmoja. Askari wa keya (King's African Rifles) kutoka Tanganyika na kutoka Nyasaland walipigana pamoja katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki huko Burma. Mwaka 1944 walipita bonde la Kabaw katika mvua za masika ya kule, matope hadi magotini na malaria ikiwaangusha kama risasi za Wajapani. Safari hiyo walikuwa bega kwa bega, ila vita bado ilikuwa ya Mfalme wa Uingereza.

Baada ya uhuru tukapata ugomvi wetu wenyewe, wa mpaka katika Ziwa Nyasa. Malawi inadai ziwa lote hadi ufukwe wa Tanzania kwa kutegemea mkataba wa Wajerumani na Waingereza wa Julai 1, 1890. Tanzania inasema mpaka uko katikati ya maji, kama ilivyo kawaida ya nchi zinazochangia ziwa. Mwaka 2012, habari za utafutaji wa mafuta ziliuchochea ugomvi huo hadi maneno makali yakasikika bungeni na magazetini pande zote mbili. Viongozi wastaafu wa Afrika, akiwemo Rais wa zamani wa Msumbiji Joaquim Chissano, wakaombwa kusuluhisha.

Kilichofuata kinastahili kuandikwa kwa herufi kubwa. Mwaka uliofuata, ugomvi ukiwa haujaisha, nchi hizo mbili zilitoa askari katika brigedi moja. Wakala chakula kambi moja, wakapanda magari ya deraya yaleyale na kulindana migongo. Na siku ilipofika ya kupima kama ujirani wetu ni wa maneno au wa kweli, hakupimwa waziri wala balozi. Alipimwa praiveti. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Chitete alitufaa.

Nishani yenye jina la Msenegali

Umoja wa Mataifa haukumsahau. Mei 24, 2019, New York, katika kuadhimisha Siku ya Kimataifa ya Walinda Amani, Katibu Mkuu Guterres alimkabidhi mjane wa Chitete Nishani ya Kapteni Mbaye Diagne ya ujasiri wa kipekee.

Hiyo ndiyo nishani ya juu ya ushujaa katika ulinzi wa amani, na mwenye jina hilo anastahili kujulikana na kila msomaji wa Afrika Mashariki. Mbaye Diagne alikuwa kapteni wa Jeshi la Senegal, mwangalizi wa Umoja wa Mataifa mjini Kigali wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Hakuwa na silaha. Aprili 7, Waziri Mkuu wa Rwanda, Agathe Uwilingiyimana, alipouawa, Diagne aliwaokoa watoto wa mama huyo. Tangu siku hiyo alikuwa akipita vizuizi vya wanamgambo wa Interahamwe na watu wachache wachache amewaficha kwenye gari. Vizuizini aliwapa wauaji sigara na kuwachekesha, apite. Aliokoa mamia ya watu kwa njia hiyo. Mei 31, 1994, kipande cha kombora kilimuua kwenye kizuizi, akiwa amebakiza siku chache arudi kwao.

Baraza la Usalama liliibuni nishani hiyo Mei 2014, na ya kwanza kabisa ilipewa familia ya Diagne mwenyewe mwaka 2016. Aliyefuata kuipata ni Chancy Chitete. Miaka yote hiyo, kati ya makumi ya maelfu ya walinda amani waliokuwa kazini duniani, aliyeonekana kustahili kusimama pembeni ya Kapteni Diagne ni praiveti wa Malawi aliyemwokoa koplo wa Tanzania.

Walinda amani wote waliokufa kazini huenziwa pia kwa Nishani ya Dag Hammarskjöld, yenye jina la Katibu Mkuu aliyekufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola mwaka 1961. Nishani yenyewe ni kipande cha kioo kizito chenye umbo la yai. Kila kimoja huchongwa jina la marehemu na tarehe aliyofariki. Tangu mwaka 1948 zaidi ya walinda amani 4,000 wamekufa, na nishani hii ilipobuniwa miaka ya 1990, waliokuwa wameshatangulia nao walihesabiwa kustahili. Umoja wa Mataifa, pamoja na lawama zote tunazoutupia, katika hili unatufundisha adabu: kila mtu na jina lake.

Sisi tunakumbukaje?

Kila Julai 25 Tanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa. Ni shughuli fupi yenye heshima kubwa. Tarumbeta hulia na watu husimama kimya. Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, na mwakilishi wa askari wastaafu shoka. Viongozi wa dini huomba, kila mmoja kwa imani yake, na watu hutawanyika.

Tunayo pia makaburi ambayo kila mzazi angepaswa kumpeleka mwanawe walau mara moja. Kaboya, wilayani Muleba, wamelala zaidi ya askari 600 wa Vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Naliendele, Mtwara, wamelala waliokufa wakiisaidia Msumbiji. Wengi wao walikuwa vijana wa rika la wanafunzi wa vyuo vikuu wa leo. Kaburi lenye jina humfanya mtoto aulize maswali: huyu alikuwa nani, alikufa wapi, alikuwa anafanya nini? Mnara usio na jina hauulizwi.

Hapo ndipo penye upungufu wetu. Kuwaenzi mashujaa kwa pamoja tunakuweza sana. Kumwelezea mmoja mmoja tunakuweza kidogo. Muulize mwanafunzi wa kidato cha nne vita ya Kagera ilikuwa lini, atakujibu. Muulize amtaje praiveti mmoja aliyepigana vita hiyo na alichokifanya, atakutazama. Muulize habari za Chancy Chitete, na kuna uwezekano mkubwa kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kulisikia jina hilo. Kosa si la mwanafunzi. Hadithi hizo hatujampa.

Mtoto hajifunzi ujasiri kutoka kwenye idadi. Anajifunza kutoka kwa mtu mwenye jina, aliyekuwa na sababu zote za kukimbia na akageuka. Akiisikia habari ya Chitete anajifunza mambo ambayo hakuna somo la uraia linaloweza kumweleza vizuri zaidi. Anajifunza kwamba mwenzako ni yule aliye pembeni yako akiumia, awe wa kabila lako au la, awe wa nchi yako au la. Anajifunza pia kwamba cheo hakipimi utu.

Vita havijakwisha

Hadithi hii si ya zamani. Desemba 2023, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) ilipeleka kikosi chake mashariki mwa Congo, na nchi zilizotoa askari zilikuwa zilezile tatu. Januari 2025, M23 waliorejea vitani walipoiteka Goma, Afrika Kusini ilipoteza askari 14, Malawi watatu na Tanzania wawili. Machi 13, 2025, wakuu wa nchi za SADC waliamua kuufunga ujumbe huo.

Kwa mara nyingine majeneza ya Malawi na ya Tanzania yakatoka katika vita moja. Wapo wanaosema sasa kwamba damu yote ile ilimwagika bure, kwa kuwa Goma imetekwa na Beni bado inauawa. Uchungu wao unaeleweka, na ni halali wananchi kuwahoji viongozi kuhusu kila askari wanayempeleka nje: anakwenda kufanya nini, ana zana gani, atarudi lini. Kuwaheshimu marehemu hakutuzuii kuuliza hayo. Kunatulazimisha tuyaulize.

Lakini mapungufu ya siasa hayawezi kulifuta tendo la Chitete. Aliyekuwa amelala Kididiwe hawezi kunyanyuka alinyanyuliwa. Watoto waliochanjwa Ebola katika vijiji vya Beni walichanjwa. Mambo hayo yametokea, na hakuna muasi anayeweza kuyarudisha nyuma.

Dawa ya deni

Dawa ya deni ni kulipa. Uhai haulipiki, lakini heshima inalipika, na njia zake si ngeni wala si za gharama.

Julai 25 ijayo, mbele ya mnara, jina la Chancy Chitete litajwe kwa sauti miongoni mwa mashujaa wetu. Malawi ina balozi wake hapa nchini. Aalikwe asimame karibu na mnara na aweke shada kwa niaba ya kijana wao aliyemfia Mtanzania. Shughuli haitarefuka hata kwa dakika tano.

Wizara ya Elimu iiweke habari yake katika vitabu vya shule ya msingi. Mwaka 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipoitembelea Malawi, nchi hiyo ilieleza nia ya kufundisha Kiswahili shuleni. Vitabu vya kufundishia vitahitaji hadithi. Hakuna hadithi ya Kiswahili inayomfaa mtoto wa Lilongwe na mtoto wa Mbeya kwa pamoja kama hii. Waandishi wetu wa vitabu vya watoto waanze sasa, wasisubiri kuagizwa.

Kikosi ambacho koplo yule alitoka kinaweza kumpa jina lake bwalo, ukumbi, hata uwanja wa mazoezi, ili kuruta anayeingia leo aulize Chitete ni nani, na koplo wake awe na jibu. Na wanaojadili mpaka wa Ziwa Nyasa, wa Dar es Salaam na wa Lilongwe, kabla ya kufungua mafaili wamkumbuke kwanza kijana huyu, halafu ndipo waanze kubishana kuhusu maji.

Sisi wengine tusio na mamlaka tunalo la kwetu. Msomaji, ukimaliza ukurasa huu, msimulie mtoto mmoja. Mwambie palikuwa na askari wa Malawi, praiveti, jina lake Chancy Chitete. Mwambie alimwona Mtanzania ameanguka katika vita, akarudi kumchukua, akafa ili yule apone. Mwambie jina hilo alishike, na siku atakapokutana na Mmalawi, kwanza amshukuru.